Tumwulize mgonjwa anavyomeza, si ukubwa wa tezi zake

Watu wengi huniita "Daktari", na jina hilo hunitia mashakani mara kwa mara. Udaktari wangu ni wa maneno. Sijawahi kuandika cheti cha dawa wala kushika sindano. Lakini mtu anayeumwa hana subira ya kuuliza shahada ilitoka kitivo gani. Ndivyo ilivyotukia muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja anayekaa Kawangware, karibu na kituo cha mwisho cha matatu za namba 46, aliponijia ofisini, akaachama kinywa, akamulika koo kwa taa ya simu na kuniambia: "Daktari, hebu nitazamie. Tonsili zangu zimekuwa kama mayai ya kuku. Nimeziona mwenyewe kwenye kioo."

Nilitazama, nisione mayai. Kwa kuwa sikuwa na haki ya kutoa hukumu, nilimsindikiza hadi kliniki. Tabibu aliukandamiza ulimi wake kwa kijiti, akatazama kwa muda mfupi sana, akasema kwamba tezi za kijana huyo ni ndogo na zimejificha pembeni kama kawaida. Alichokiona kwenye kioo kilikuwa shina la ulimi. Mwasho uliomsumbua ulitokana na tindikali ya tumbo iliyokuwa ikipanda usiku, kwani alizoea kula saa tano na kulala papo hapo.

Wiki chache baadaye nilikuwa Makina, mtaani Kibera, ambako nimekuwa nikienda kwa miaka kadhaa kuwasikiliza wazee wakizungumza Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha askari na ambayo ndiyo iliyoupa mtaa huo jina lake, Kibra, yaani msitu. Mama mmoja anayeuza mandazi kando ya njia alinilalamikia kwamba mwalimu wa mwanawe wa Gredi ya Tatu anamshutumu mtoto kwa kusinzia darasani. Majirani nao humcheka kwa kukoroma kama mzee. Nilipomwuliza kama mtoto ana maradhi ya koo, alikana: "Koo lake halina neno, mwalimu. Hajawahi kulia koo hata siku moja." Mtoto mwenyewe alisema haumwi. Alipopelekwa hospitalini, ilionekana kwamba tezi zake mbili za koo zilikuwa zimekaribia kugusana.

Basi aliyekuwa na tezi ndogo alidhani ana mayai kooni, na aliyekuwa na tezi kubwa hakujua kama anazo. Visa viwili havithibitishi jambo, nami siviweki mbele kama utafiti. Vinatosha tu kutufanya tuulize swali linalostahili kuulizwa na walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu: je, mgonjwa anaweza kuupima kwa usahihi ukubwa wa tezi za koo lake mwenyewe?

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo katika suala hili zinavutana. Ya kwanza yasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa methali hii, mwenye koo ndiye anayelijua, na tabibu hana budi kumsikiliza. Ya pili yasema kwamba nyani haoni kundule. Kwa hii, hakuna mtu anayeweza kuwa shahidi wa kuaminika wa sehemu ya mwili asiyoweza kuitazama. Maoni yangu ni kwamba methali zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina mahali pake. Makosa yetu hutokana na kuitumia ya kwanza pale ambapo ya pili ndiyo inayofaa.

Tuanze na macho. Tezi za koo, ambazo wengi mjini huziita tonsili na ambazo zikiambukizwa huleta ugonjwa uitwao mafindofindo, zimekaa pande mbili za koo, kila moja katikati ya kuta mbili nyembamba za nyama. Sehemu yake huonekana na sehemu yake hufichika nyuma ya kuta hizo. Mtu anayejitazama kwenye kioo huinua ulimi bila kujua, na ulimi huo huziba nusu ya anachotaka kukiona. Akijaribu kuushusha kwa kijiko, hupaliwa na kutaka kutapika, na wakati huohuo misuli ya koo huzisukuma tezi kuelekea katikati, zikaonekana kubwa kuliko zilivyo. Kamera ya simu nayo ina ulaghai wake, kwani kilicho karibu na kioo chake hukuzwa na kilicho mbali hudogoshwa. Zaidi ya hayo, wengi hawajui wanatazama nini. Yupo anayedhani kidakatonge, kile kinyama kinacho-ning'inia katikati, ndicho tonsili. Yupo anayepapasa mitoki chini ya taya na kusema tonsili zimefura.

Hisia nazo hazisaidii sana. Maumivu hayaendi sambamba na ukubwa. Tezi ndogo iliyoambukizwa yaweza kumfanya mtu mzima ashindwe kumeza hata mate yake, ilhali tezi kubwa ambayo haijaambukizwa haiumi kamwe. Tena mwili huzoea kile kinachokua polepole. Mtoto aliyepumua kwa mdomo tangu akiwa na umri wa miaka mitatu hajui kwamba wenzake wanapumua kwa pua. Kwa upande mwingine, matabibu wanawafahamu vizuri watu wanaohisi donge kooni na ambao, wakichunguzwa, hawakutwi na donge lolote. Hisia ya watu hao ni ya kweli na inawasumbua kweli. Lakini haitupi kipimo cha kitu chochote.

Lakini kabla hatujamcheka mgonjwa, tuwatazame matabibu wenyewe. Mwaka wa 1989 daktari Mmarekani aitwaye Linda Brodsky alieneza kipimo ambacho kinatumika hadi leo duniani kote. Daraja la 1 ni tezi zinazojaza robo ya upana wa koo au chini ya hapo. La 2 hufika nusu. La 3 hufika robo tatu. La 4 hupita robo tatu, hata tezi zikakaribia kukutana. Ni kipimo cha macho tu, bila rula. Kwa sababu hiyo matabibu wawili wakitazama koo lilelile, mmoja aweza kusema 2 na mwenzake akasema 3, na ugomvi wao usiwe na mwamuzi. Aidha, tezi iliyojificha sana nyuma ya kuta zake yaweza kuonekana ndogo na kumbe ni kubwa ikitolewa. Ikiwa aliyesomea kazi hiyo kwa miaka mingi, mwenye taa nzuri na kijiti, huweza kukosea kwa daraja moja, tutamtazamiaje mwenye kioo kilichopasuka katika chumba kisicho na dirisha afanye vyema kuliko yeye?

Hapa ndipo somo langu linapoingia. Neno "kubwa" ni neno gumu kuliko linavyoonekana. Mwanaisimu Edward Sapir, katika makala iliyochapishwa mwaka wa 1944 baada ya kifo chake, alieleza kwamba maneno ya namna hii hayana maana kamili yanaposimama peke yake. Kila mara huwa yanalinganisha, hata pale ambapo kinacholinganishwa hakitajwi. Panya mkubwa ni mdogo mno kuliko ndovu mdogo, na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa, kwa kuwa sote tumewaona panya wengi na ndovu wengi, au angalau picha zao. Lakini ni nani kati yetu aliyeona makoo mengi? Mtu wa kawaida huona koo moja tu maishani, lake, tena siku anayoumwa. Anaposema kwamba tezi zake ni kubwa, analinganisha na nini? Wala hata umri hauzingatiwi. Tezi hizi kwa kawaida huwa kubwa katika utoto, hasa kati ya miaka mitatu na saba, kisha hunywea baada ya balehe. Kilicho kikubwa kwa mwalimu ni cha kawaida kwa mwanafunzi wake.

Ajabu ni kwamba lugha zetu zenyewe zilikwisha kutuonyesha njia. Kwa Kiswahili mfereji wa chakula ni umio. Kwa Kikuyu koo ni mũmero. Kwa Kiganda ni omumiro. Maneno haya ni ndugu, na ukoo wao ni kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kumeza, ambacho Waganda wanakitamka kumira na Wakikuyu kũmeria. Kidakatonge nacho ni kile kidakacho tonge. Waliotangulia hawakuzitaja sehemu hizi kwa ukubwa wala kwa umbo. Walizitaja kwa kazi zao. Mtu akiniuliza nifanye muhtasari wa makala haya, nitamwambia kwamba kliniki zetu zingefanya vyema kufuata mfano huo.

Kwani kulipima koo kwa ukubwa kuna hasara zake, na hasara hizo huwapata zaidi watu wa mitaa kama Kibera na Kawangware. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki kuna desturi ya kukata kimeo, yaani kidakatonge, pale mtoto anapokohoa au kukataa kunyonya, kwa hoja kwamba kimerefuka. Watafiti waliandika juu ya desturi hiyo nchini Tanzania mwaka wa 1984, na hapa kwetu pia inajulikana. Anayekata hutumia kisu au wembe, na mtoto huweza kutokwa na damu nyingi, kupata pepopunda au kuambukizwa maradhi mengine. Tukichunguza chanzo cha hatari hiyo tutakuta neno moja: "kirefu". Kirefu kuliko kipi? Hakuna anayeuliza.

Hasara ya pili huuzwa katika duka la dawa. Mtu husema, "Tonsili zangu zimefura," na kwa maneno hayo matatu hupewa vidonge vya amoksilini, mara nyingi vichache kulingana na shilingi alizo nazo mfukoni. Sehemu kubwa ya maumivu ya koo huletwa na virusi, ambavyo havisikii dawa hizo hata kidogo. Kwa hiyo huyu amepoteza fedha zake, na bakteria waliomo mwilini mwake wamepewa nafasi ya kuizoea dawa ambayo huenda akaihitaji kesho.

Hasara ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo huwapata wale wanaosema kwamba koo "halijafura sana" na kwa hiyo si neno. Baadhi ya maumivu ya koo huletwa na bakteria aina ya streptokoki. Yasipotibiwa, kwa watoto wachache yanaweza kufuatwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huvivamia viungo na kisha huziharibu vali za moyo. Wanaoathiriwa zaidi ni watoto wa kati ya miaka 5 na 15, hasa wanaoishi kwa msongamano. Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio juu ya ugonjwa huu mwaka wa 2018, likiutambua kuwa ni maradhi ya watu maskini ambayo yangeweza kuzuiwa. Tangu miaka ya 1950 imejulikana kwamba penisilini huweza kuuzuia hata ikianzwa siku ya tisa baada ya koo kuanza kuuma. Zingatia kwamba kinachohesabiwa hapo ni siku. Ukubwa wa tezi hautajwi.

Na mgonjwa anaweza kuhesabu siku. Tena anaweza kuhesabu kuliko tabibu. Wapasuaji wanapoamua kama tezi za mtoto ziondolewe kwa sababu ya maambukizo ya mara kwa mara, kanuni wanayoifuata inatokana na utafiti wa Jack Paradise na wenzake wa mwaka wa 1984: mara saba katika mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Hiyo ni hesabu ambayo mama yeyote mwenye daftari la shule na kipande cha kalamu anaweza kuiweka, na ambayo daktari bingwa hawezi kuijua bila yeye.

Hali kadhalika, mama wa Makina ambaye hakujua ukubwa wa tezi za mwanawe alijua jambo lenye thamani zaidi. Katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, ambamo wazazi na watoto hulala wakitenganishwa na pazia, alisikia usiku kucha jinsi mtoto anavyokoroma, anavyonyamaza ghafla kana kwamba pumzi imekatika, kisha anavyoshtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Hiyo ndiyo dalili ambayo daktari anaitafuta, kwa kuwa mtoto asiyelala vizuri usiku husinzia mchana, hukosa makini na hata hukojoa kitandani. Mama huyo alikuwa na jibu lote. Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali lake.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kwamba tangu mwaka wa 2017 Wakenya wameruhusiwa kujipima virusi vya Ukimwi wenyewe, na kwamba akina mama wamefundishwa kupima utapiamlo wa watoto kwa utepe wa mkono wenye rangi tatu. Kwa nini basi wasiweze kupima koo? Jibu ni kwamba katika mifano hiyo mgonjwa amepewa chombo. Kifaa cha Ukimwi huonyesha mistari, na utepe huonyesha rangi nyekundu mkono unapopungua chini ya sentimita 11.5. Hakuna anayeombwa kukisia. Mpe mtu kipimo naye atapima, mnyime kipimo, na kisha umwulize "kubwa kiasi gani?", utakuwa umemtega.

Wala sisemi kwamba watu wasijitazame. Mwenye kuona usaha mweupe juu ya tezi, au tezi ya upande mmoja iliyovimba kuliko ya pili, aende kituo cha afya upesi, hasa akiwa mtu mzima. Mtoto anayetokwa na udenda kwa kushindwa kumeza, anayeshindwa kufungua kinywa au anayetoa sauti kali anapovuta pumzi, asingojeshwe hadi asubuhi. Haya yote yanaonekana na kusikika bila kuhitaji kisomo. Riruta haiko mbali na Kawangware, wala Mbagathi haiko mbali na Kibera.

Lakini lipo la kuwaambia wahudumu wa afya pia. Wengi wao wamesomea kazi yao kwa Kiingereza, na wanapomkabili mgonjwa hutafsiri kichwani maswali waliyofundishwa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 43 kimempa kila mtu haki ya kupata afya bora. Haki hizi mbili hukutana mahali pamoja, yaani katika swali la kwanza ambalo mgonjwa huulizwa. Vyuo vinavyowafundisha matabibu na wauguzi havina budi kuwafundisha maswali hayo kwa Kiswahili fasaha, yaliyopangwa na kujaribiwa: Koo limeanza kuuma lini? Je, unaweza kumeza ugali, uji, maji, mate? Una homa? Unakohoa au kutokwa na kamasi? Mwaka huu limekuuma mara ngapi? Anayelala karibu nawe anasikia nini usiku? Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalomdai mgonjwa akisie ukubwa wa kitu.

Nanyi walimu wenzangu, mnao wajibu ambao hakuna tabibu anayeweza kuutimiza. Mtoto anayesinzia kila siku, anayepumua kwa kinywa wazi, anayezungumza kana kwamba ana tonge mdomoni, msimwite mvivu kabla hamjamwita mzazi wake. Mwulizeni mzazi jinsi mtoto anavyolala. Wanafunzi wa vyuo nao wayachukue maswali haya hadi nyumbani, kwa wadogo zao na kwa majirani, kwani kuuliza si ujinga, na swali lililoulizwa vizuri huwa limejibiwa nusu.

Kijana wa Kawangware sasa anakula mapema na mayai yake yametoweka. Mtoto wa Makina anangojea tarehe ya kupasuliwa. Mama yake ameanza kuandika katika daftari usiku ambao mwanawe amelala vizuri na usiku ambao hakulala, na safari iliyopita daktari alilisoma daftari hilo ukurasa kwa ukurasa kabla hajawasha taa yake kutazama koo.